Vietnam iliinuliwa na mpunga wa kaya kabla ya viwanda

Nenda soko la mitumba la Karume pale Ilala, au Gikomba kule Nairobi, chagua raba nzuri, kisha vuta ulimi wake usome kitambaa kilichoshonewa ndani. Mara nyingi utakuta jina la nchi moja: Vietnam. Geuza boksi la simu mpya ya Samsung na huenda ukalikuta jina lile lile. Shuka bandari ya Mtwara msimu wa korosho uulize mizigo inaelekea wapi, utaambiwa India na Vietnam. Hata laini ya Halotel iliyo mfukoni mwa mwanakijiji wa Tanzania tangu mwaka 2015 ni ya Viettel, kampuni ya jeshi la Vietnam, ambayo pia ndiyo iliyo nyuma ya Lumitel nchini Burundi na Movitel nchini Msumbiji.

Nchi hii imeshaingia majumbani mwetu. Lakini tukikaa kuizungumza, iwe kwenye semina, bungeni au kijiweni kwenye kahawa, tunaijua kwa mambo mawili tu: vita na viwanda. Walipigwa mabomu na Wamarekani, wakashinda, wakajenga viwanda, wakatajirika. Basi na sisi tutenge maeneo ya viwanda, tupunguze kodi, tusubiri wawekezaji.

Mimi nasema simulizi hiyo imerukwa mwanzo wake, na mwanzo ndio unaotuhusu zaidi. Kabla ya kiwanda cha kwanza cha simu kulikuwa na mkulima wa mpunga aliyeruhusiwa kubaki na mavuno yake. Ruhusa hiyo haikuletwa na mfadhili wala mtaalamu wa kigeni. Ililazimishwa na wanavijiji waliochoka njaa, pamoja na viongozi wachache waliothubutu kuwasikiliza. Anayetaka kuiga Vietnam leo huku mkulima wake akiwa bado anadai malipo ya msimu uliopita hajaielewa Vietnam.

Nchi nyembamba, watu wengi

Tuitazame kwanza ilivyo. Vietnam ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 331,000, yaani kama theluthi moja ya Tanzania. Humo wanaishi watu waliozidi milioni 100 tangu mwaka 2023. Tanzania, kwa sensa ya mwaka 2022, ilikuwa na watu milioni 61.7. Robo tatu ya ardhi ya Vietnam ni milima na vilima. Wenyewe huifananisha nchi yao na mzega: ufito mrefu mwembamba wa pwani, na kila mwisho wake kikapu cha mpunga, delta ya Mto Mwekundu upande wa kaskazini ulipo mji mkuu Hanoi, na delta ya Mekong kusini, jirani na Jiji la Ho Chi Minh ambalo wakazi wake wengi bado hulitaja kwa jina la zamani, Saigon.

Makabila yanayotambuliwa rasmi ni 54, lakini Wakinh peke yao ni kama asilimia 85, nao ndio waliojazana mabondeni. Kaskazini kaya nyingi za wakulima hulima chini ya nusu hekta, tena vipande vilivyotawanyika. Kila mwaka pwani hupigwa na tufani. Ile ya Yagi, Septemba 2024, iliua mamia ya watu. Msomaji aliyezoea kuambiwa kwamba Afrika Mashariki imebarikiwa ardhi na mito ajiulize: mtu mwenye kishamba cha nusu hekta, kwenye nchi ya mafuriko, amewezaje kuvuna hadi akauza mchele nje?

Njaa wanaijua vizuri. Mwaka 1945, Wajapani na Wafaransa walipokuwa wakiwanyang'anya wakulima mpunga na kuwalazimisha kulima mazao ya nyuzi kwa ajili ya vita, kaskazini ya Vietnam ilipoteza watu wanaokadiriwa kati ya milioni moja na milioni mbili. Ho Chi Minh alipotangaza uhuru uwanja wa Ba Dinh tarehe 2 Septemba mwaka huo, miongoni mwa waliomsikiliza walikuwa watu waliozika ndugu miezi michache tu nyuma. Kisha vikaja vita vya miaka 30: kwanza na Wafaransa, walioshindwa Dien Bien Phu mwezi Mei 1954, mahali ambapo chakula cha wapiganaji kilisukumwa milimani juu ya baiskeli, halafu na Wamarekani, hadi Saigon ilipoanguka tarehe 30 Aprili 1975. Ndege za Marekani zilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za sumu ya kuua majani ya misitu na mimea ya chakula. Hadi leo mkoa wa Quang Tri una mabomu ardhini ambayo hayajalipuka, na hadi leo wapo watoto wanaozaliwa na ulemavu ambao familia zao zinauhusisha na sumu ile.

Foleni za matofali

Sehemu hii wazee wetu wataielewa bila kufafanuliwa. Baada ya kuunganisha nchi mwaka 1976, chama tawala kiliamua kupeleka kusini mfumo wa kaskazini: mashamba ya pamoja, biashara binafsi kufungwa, chakula kugawiwa kwa kuponi. Mtumishi alikuwa na kadi ya mchele, ya nyama, ya kitambaa, ya mafuta ya taa. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na aliyechoka kusimama aliweka tofali mahali pake, kila mmoja akijua tofali lile ni la nani. Mchele ulipopungua, walichanganya na nafaka ngumu ya msaada waliyoiita bo bo, iliyopikwa saa nyingi na bado ikawa haitafuniki vizuri.

Nani aliyekuwa mtu mzima Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 asikumbuke? Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, unga wa mahindi ya njano tuliouita wa yanga, wa msaada kutoka Marekani, mgambo wakisaka kilo mbili za mchele kwenye mzigo wa abiria. Tulikuwa mbali kwa ramani lakini karibu sana kwa maisha. Sisi tulikuwa na vijiji vya ujamaa, wao walikuwa na vyama vya uzalishaji. Kwao mkulima alifanya kazi kwa pointi, kengele ikigongwa watu wanakwenda shambani, na jioni mwandishi wa kikosi cha kazi anajaza daftari. Aliyelima kwa nguvu na aliyejikokota walikaribiana pointi.

Ila kila kaya ilibakiziwa asilimia kama tano ya ardhi kwa ajili ya bustani yake. Hapo ndipo palipoonyesha kila kitu. Vipande hivyo vidogo vilipaliliwa hadi jioni, vikatiwa mbolea ya nguruwe wa nyumbani, vikatoa sehemu kubwa ya kipato cha kaya, wakati shamba kubwa la pamoja, lililokuwa jirani yake tu, lilikuwa limedumaa. Udongo ni uleule, mvua ni ileile, watu ni walewale. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga wetu. Mkulima wa Vietnam alikuwa anachumia juani na mwingine ndiye aliyekuwa akila kivulini.

Katibu wa Vinh Phuc

Hapa nataka nimtaje mtu ambaye jina lake silisikii kwenye semina zetu: Kim Ngoc. Alikuwa katibu wa chama wa mkoa wa Vinh Phuc, kaskazini-magharibi mwa Hanoi. Mwaka 1966, katikati ya vita, aliona vijiji vyake vinaelekea kwenye njaa, na yeye na wenzake wa mkoa wakapitisha azimio la kuruhusu vyama vya ushirika kuzikabidhi kaya mashamba kwa mkataba. Kaya inalima, inatoa kiasi kilichokubaliwa, kinachozidi ni chake. Mavuno yalipanda. Habari zilipofika Hanoi, Truong Chinh, mmoja wa wakubwa wa chama na mlinzi mkali wa itikadi, alimkemea hadharani mwaka 1968. Mpango ulisimamishwa, na Kim Ngoc akalazimishwa kujikosoa. Alifariki mwaka 1979, kabla hajaona alichokipigania kikiwa sheria.

Lakini wanavijiji walikuwa wameshaonja. Katika sehemu mbalimbali za nchi watu waliendelea kugawana mashamba kimyakimya, wakiandika daftari moja la kuwaonyesha wakaguzi na jingine la ukweli. Kusini, karibu na mwaka 1980, Jiji la Ho Chi Minh lilipokaribia kuishiwa mchele, mama mmoja aliyeitwa Ba Thi, kwa baraka za kiongozi wa jiji Vo Van Kiet, alikwenda delta ya Mekong kuununua mchele kwa bei ya soko, wakati sheria ilidai ununuliwe kwa bei ya serikali iliyokuwa sehemu ndogo tu ya hiyo. Lilikuwa kosa la kumpeleka mtu jela, na walilijua hilo. Jiji lilikula.

Januari 1981 chama kikakubali kwa shingo upande: Agizo namba 100 likaruhusu mikataba na kaya. Aprili 1988 Azimio namba 10 likaenda mbali zaidi, kaya ikatambuliwa kuwa ndiyo mzalishaji, na ikapewa ardhi kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1988 mikoa ya kaskazini ilikuwa na njaa kali na serikali iliomba msaada wa chakula. Mwaka uliofuata, 1989, Vietnam iliuza nje takriban tani milioni 1.4 za mchele. Mwaka 2023 ilizidi tani milioni 8.

Na yule Truong Chinh? Mwaka 1986, akiwa mzee wa karibu miaka 80, alizunguka vijijini na viwandani, akaona kwa macho yake, akabadilika. Baada ya kifo cha katibu mkuu wa chama, Le Duan, mwezi Julai, alishika nafasi hiyo kwa miezi michache, na yeye ndiye aliyekiandaa chama kwa mageuzi ya Desemba 1986 yanayojulikana kama Doi Moi, kisha akampisha Nguyen Van Linh. Namheshimu kwa hilo. Ni viongozi wangapi tunaowajua ambao wamethubutu kubomoa walichokijenga wenyewe, kwa sababu tu wananchi wana njaa?

Mwaka mmoja, njia mbili

Mwaka 1986 una maana kwetu pia. Agosti ya mwaka huo serikali ya Mzee Ali Hassan Mwinyi ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na milango ikafunguliwa. Desemba, Vietnam nayo ikafungua ya kwake. Wakati huo mfumuko wa bei kwao ulikuwa zaidi ya asilimia 700, Marekani imewawekea vikwazo vya biashara, China walipigana nayo mpakani mwaka 1979, na jeshi lao liko Cambodia. Ungeulizwa siku ile nani atatangulia, ungeitaja Vietnam?

Tofauti naiona mahali pawili. Kwanza, sisi mageuzi yalikuja na mkopo na masharti yake; wao hawakupata mkopo wa Shirika la Fedha hadi mwaka 1993, na vikwazo vya Marekani viliondolewa Februari 1994. Walilazimika kuanza na walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho ni mkulima. Pili, soko lilipofunguliwa, serikali yao haikuondoka shambani. Mifereji ya umwagiliaji iliendelea kuchimbwa na kukarabatiwa, mbegu ziliendelea kutafitiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1993 iliipa kaya haki ya kutumia shamba la mpunga kwa miaka 20, kulirithisha, kulikodisha, kulihamishia kwa mwingine na kuliweka rehani benki. Ardhi yenyewe ilibaki mali ya umma, kama ilivyo Tanzania ambako Rais ni mdhamini wake. Kwa hiyo umiliki wa umma haukuwa kizuizi. Wao waliharakisha kuvifikisha vitabu vyekundu vya haki ya ardhi kwa mamilioni ya kaya. Kwetu sheria ya mwaka 1999 inaruhusu hati za kimila, na bado wako wakulima wengi ambao hawajawahi kuiona hati hiyo.

Matokeo yako wazi. Mwaka 1993 asilimia 58 ya Wavietnam walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa nchi yao. Mwaka 2006 walikuwa asilimia 16. Kiwanda cha Samsung mkoani Bac Ninh kilianza uzalishaji mwaka 2009. Soma tena miaka hiyo. Umaskini ulikuwa umeshapungua hivyo kabla simu ya kwanza ya Samsung haijatoka mlangoni pa kiwanda kile. Viwanda vya nguo na viatu vilikuwapo na vilisaidia, sikatai. Lakini wasichana waliokwenda kushona raba walitoka kwenye nyumba zilizokwisha kushiba, na walikuwa wamesoma. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2012, watoto wa Vietnam walishika nafasi ya nane katika sayansi kati ya nchi na maeneo 65, wakizipita nchi nyingi tajiri za Ulaya.

Wanaodai ni mkono wa chuma

Wapo wanaotoka na funzo moja tu: chama kimoja, hakuna kelele, amri ikitoka inatekelezwa, ndiyo maana wakaendelea. Hoja hii ni hatari na ukweli wa Vietnam wenyewe unaikanusha. Chama kilichoitawala nchi mwaka 1980, watu wakila bo bo, ndicho kilichoitawala mwaka 1989 meli za mchele zikiondoka. Polisi walikuwa walewale, magereza yaleyale. Kama mkono wa chuma ungetosha kushibisha watu, njaa ya miaka ya 1976 hadi 1988 isingekuwapo. Kilichobadilika ni mtu anayebaki na gunia mwisho wa msimu.

Na mkono huo umewaumiza hadi leo. Wanaoandika maoni kinyume na serikali hufungwa. Mwezi Januari 2020, katika mgogoro wa ardhi wa kijiji cha Dong Tam karibu na Hanoi, polisi walivamia usiku. Polisi watatu na mzee mmoja wa kijiji wakafa. Mwaka 2016 kiwanda cha chuma cha Formosa mkoani Ha Tinh kiliachia sumu baharini, samaki wakafa kando ya mamia ya kilomita za pwani, na wavuvi walioandamana wakakamatwa, ingawa kampuni ilikubali kulipa dola milioni 500. Rushwa imekula hadi juu: marais wawili walijiuzulu ndani ya miezi 14, Januari 2023 na Machi 2024. Na Oktoba 2019 miili ya Wavietnam 39 ilikutwa ndani ya lori huko Essex, Uingereza. Wengi walitoka mikoa ya kati, na familia zao zilikuwa zimekopa ili kuwasafirisha. Nchi inayosifiwa kwenye makongamano bado ina wazazi wanaoweka nyumba rehani ili mtoto akatafute maisha Ulaya.

Kahawa nayo ina upande wake wa giza, na huo ulitufikia sisi. Miaka ya 1990 nyanda za juu za kati, kuzunguka Buon Ma Thuot, zilifyekwa misitu na kupandwa robusta kwa kasi hadi Vietnam ikawa ya pili duniani nyuma ya Brazil. Wenyeji wa nyanda hizo, Waede na Wajarai, walisukumwa pembeni na wahamiaji. Kahawa ilipojaa sokoni, bei ya dunia ilianguka vibaya kati ya mwaka 2000 na 2003. Wapo wazazi Kagera, Kilimanjaro na Uganda ambao hawakulipa ada miaka ile, wala hawakuwahi kuambiwa kwamba sababu mojawapo ilikuwa upande wa pili wa bahari.

Korosho yetu, ajira yao

Sasa turudi Mtwara, kwa sababu huko ndiko jambo hili linaumiza zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Vietnam ilikuwa kama sisi, inauza korosho ghafi India. Wakaamua kubangua wenyewe. Mafundi wao wakatengeneza mashine za kukata maganda kwa bei ambayo karakana ndogo iliimudu, na mwaka 2006 wakaipita India kwa kuuza korosho zilizobanguliwa. Leo korosho wanazolima haziwatoshi, ndiyo maana wanazifuata Afrika na Cambodia. Viwanda vya Binh Phuoc, mkoa uliounganishwa na Dong Nai mwaka 2025, vinaendeshwa kwa korosho za wakulima wa Kiafrika, wa kwetu wakiwamo.

Sisi tulikuwa na viwanda vya kubangua tangu miaka ya 1970, kusini mwa Tanzania na hata Kilifi nchini Kenya. Vingi vilifungwa, vingine vikageuzwa maghala. Tatizo halikuwa ukosefu wa majengo. Ni kwamba mkulima aliye nyuma ya kiwanda hakuwahi kuwa na uhakika. Anapofika mwezi wa njaa anauza korosho zikiwa bado maua kwa mnunuzi wa kangomba, anayepima kwa bakuli lake na bei yake. Akivumilia hadi msimu, anapeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), anapewa stakabadhi ya ghala, anasubiri mnada, kisha anasubiri fedha zilizokwisha kupunguzwa makato. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali iliamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzikusanya. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, lakini wengi walisubiri malipo kwa miezi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: afisa anayechelewesha malipo kwa wiki sita hukuta mshahara wake umeingia tarehe ileile kila mwezi. Mkulima katika wiki hizo sita ameshakopa kwa riba, ameshauza mbuzi, na binti yake wa kidato cha pili amesharudishwa nyumbani.

Ni hivyo hivyo kwa mahindi. Kila mavuno yanapokuwa mazuri huku na bei ikapanda kwa majirani, hofu ya zuio la kusafirisha nje hurudi. Mkulima wa Rukwa anajua. Akilima sana anaweza kuambiwa mpakani kwamba mahindi yake ni usalama wa taifa. Je, msimu unaofuata atanunua mbolea?

Bunge la bajeti likifika, mpendwa msomaji, mtafute mbunge wako kabla hajaenda Dodoma. Usimuulize lini kiwanda kitajengwa jimboni. Mwambie amtake waziri ataje bungeni, kwa kila zao, mkulima anapata shilingi ngapi katika kila shilingi 100 ya bei ya kuuzia nje, na analipwa baada ya siku ngapi tangu apeleke mzigo ghalani. Waziri akishindwa kujibu, shilingi ya mshahara wake izuiwe hadi majibu yapatikane.